Nyumba ya Java

Jumatatu ile Abdunoor, fundi wa kompyuta, aliingia maabara amekumbatia seva mpya, akaitua juu ya meza yangu ya kupimia damu, mahali ambapo nilishamkataza asiweke hata simu. Seva ya zamani ilikuwa imeungua Ijumaa, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na tangu hapo kliniki yetu haikumbuki mgonjwa hata mmoja. Angeiweka kichwani kwangu ningekubali.

"Musawo Sharifah, dakika kumi tu," akasema.

Hapa Kampala kila anayevaa koti jeupe ni musawo, awe daktari au mpima damu kama mimi. Cheo hakikunikera. Zilinikera hizo dakika kumi, maana Abdunoor tumekua naye ua mmoja kule Bombo, na dakika zake hazijawahi kufanana na za saa ya mtu mwingine. Siku nyingine ningemtania tukacheka. Siku hiyo, ng'ambo ya ukuta wangu, wodini, alikuwa amelala Atoo.

Atoo alikuwa na miaka tisa na selimundu, ule ugonjwa unaokunja chembe za damu na kuzivunja kabla ya wakati wake. Tulimjua sote. Alikuwa mtoto wa maswali. Kila nilipomchoma sindano aliniuliza damu yake naipeleka wapi, na kama nitairudisha. Asubuhi hiyo hakuuliza kitu. Mama yake, Rosalba, alimleta kwa bodaboda kutoka kambi ya polisi, amemfunga kifuani kwa kitenge, na nilipompima nikakuta damu iliyobaki ni ndogo kiasi cha kumfanya hata mtu mzima ashindwe kusimama. Alihitaji kuongezewa siku hiyo hiyo. Damu ya kundi lake ilikuwapo kwenye friji, mfuko mmoja.

Damu haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kumbukumbu. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi, mwili wake huanza kuchagua. Huchukia alama fulani ndogo iliyo kwenye damu za watu wengine, na ukishaichukia hausamehe. Tena chuki hiyo hujificha. Ukipima baada ya mwaka huioni. Damu yake na damu ya mfuko zinachanganyika mezani bila ugomvi. Ukishampa, siku chache baadaye mwili unazinduka na kuivunja. Kinachomlinda ni kwamba kuna mtu aliyeiona chuki hiyo siku ya kwanza na kuiandika. Na tangu wakubwa waamue kliniki iwe ya kisasa, tulikuwa tunaandika kwenye kompyuta peke yake.

Rosalba ni Mwacholi, mimi Mnubi. Lugha yetu ni Kiswahili, kile cha kambi za askari ambacho babu zetu walipokea amri kwacho.

"Musawo, ile siku walisema damu ingine inamukataa," aliniambia akiwa amesimama mlangoni.

"Damu gani, mama Atoo?"

"Sijui. Walisema iko kwa kompyuta."

Kulikuwa na njia ya pili. Tungeweza kutuma damu ya mtoto kwenye maabara kubwa upande wa pili wa mji, wakaichunguza upya kwa vifaa ambavyo sisi hatuna. Majibu yangerudi alasiri. Daktari Bibiane, Mkongo wa Bukavu asiyependa maneno mengi, alikuja kutuuliza.

"Tutume ao tungoje?"

Abdunoor alikuwa chini ya meza anachomeka nyaya. Akajibu kutoka huko huko chini kwamba kumbukumbu zote za zamani zilinusurika, ameshazinakili kwenye seva mpya, ila zimefungwa kwa kufuli ambalo programu yetu tu ndiyo inalifungua. "Nikiiwasha tu, mutaona kila kitu. Dakika kumi, daktari."

Bibiane alinitazama. Mimi nikasema tungoje.

Programu yetu ilitengenezwa na Wakenya, na imeandikwa kwa Java. Sijui Java ni nini hasa, lakini kwa kukaa karibu na Abdunoor siku ile nilielewa kwamba programu haiwezi kufanya lolote bila Java, na haiwezi kuitafuta yenyewe. Lazima ielekezwe ilipo. Maelekezo hayo huandikwa chini ya neno moja, JAVA_HOME, nyumba ya Java. Seva yenyewe ni ya Linux. Haina picha za kubofya, ni skrini nyeusi unayoiandikia amri mstari kwa mstari, nayo ikikujibu inakujibu kwa mkato.

Abdunoor aliiweka programu kwenye seva, kisha akaandika amri ya kuiwasha. Skrini ikajibu kwamba nyumba ya Java haijulikani.

"Upuuzi," akasema. Akaiuliza seva kama ina Java. Ikajibu papo hapo kwamba inayo, toleo la kumi na saba, lile lile linalotakiwa. Akaiwasha programu tena. Nyumba ya Java haijulikani.

Akampigia Yasiin, akaweka simu mezani ili aendelee kuandika. Yasiin ni mwenzake kazini, Mganda wa Kalerwe, ndiye aliyeiandaa ile seva Jumamosi ofisini kwao Nakawa.

"Yasiin, JAVA_HOME uliiweka?"

"Niliweka, ssebo. Kira kitu niliweka kwa maabala."

"Kwa nani?"

"Kwa maabala. Ile akaunti ya maabala."

Abdunoor akanikonyeza. "Maabara, Yasiin. Ra. Ulimi wako umelalia upande gani?"

"Si ndiyo hiyo hiyo," Yasiin akasema, naye anacheka. "Maabala."

Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Sisi Wanubi tunawatania Waganda kwa l na r zao, wao wanatutania kwa harusi zetu zisizokwisha, na hakuna anayenuna. Mtu akisema "maabala" sikio langu linamsahihisha hata kabla hajafunga mdomo. Tumelizoea hilo kiasi kwamba hatusikii tena alichosema. Tunasikia alichotaka kusema.

Abdunoor alinieleza kile Yasiin alichofanya, kwa sababu nilimbana anieleze. Programu haifanyi kazi kwa jina la mtu. Inapewa akaunti yake kama mtumishi, na Wakenya waliipa akaunti hiyo jina la Kiswahili, maabara. Maelekezo ya nyumba ya Java alipewa mtumishi huyo. "Kwa hiyo anajua," akasema. "Ngoja nimuulize mwenyewe."

Kuna kitufe kwenye kibodi, mshale wa kwenda juu. Ukikibonyeza, seva inakurudishia amri zilizoandikwa zamani, na inakuokoa usiandike upya. Abdunoor alikibonyeza mpaka ikaja amri ya Yasiin ya kuingia kwenye akaunti ya mtumishi. Hakuisoma. Nani anasoma amri iliyokwisha kufanya kazi? Akaipitisha, akaingia, akauliza nyumba ya Java iko wapi. Jibu likaja zima, njia yote mwanzo mpaka mwisho.

"Unaona? Anajua."

Akatoka kwenye akaunti hiyo, akaiwasha programu. Nyumba ya Java haijulikani.

Nimewaona watu wengi wakikasirika, nimekulia kwenye nyumba ya wanawake saba. Lakini hasira ya mtu anayeonyeshwa ndiyo na hapana na kitu kimoja ni mbaya zaidi, kwa sababu haina wa kumpiga. Abdunoor aliiondoa Java yote, akaanza kuipakua upya. Mtandao wetu ukaenda kwa kujikongoja, kisha bando likaisha, akakimbia kununua jingine kwa wale wanaokaa na miavuli ya njano kando ya barabara kuu. Alirudi amelowa jasho. Java ikaingia upya. Akauliza kwenye akaunti ya mtumishi: ndiyo. Akaiwasha programu: hapana.

Rosalba alikuja mlangoni akiwa ameshika viatu vya mtoto. Sijui kwa nini alivishika. "Kompyuta imepona?"

"Bado kidogo, mama," Abdunoor akasema bila kugeuka. "Ni tatizo la mazingira."

Rosalba akageuka kutazama nje, kwenye mfereji wetu wa maji machafu uliojaa chupa za plastiki, akatikisa kichwa. Alidhani hilo ndilo tatizo. Nilitaka kumweleza kwamba kwa watu wa kompyuta mazingira ni vile vitu ambavyo programu inaambiwa kabla haijaamka, lakini nikaona aibu. Mtoto wake anatafuta pumzi, mimi nimfundishe maneno.

"Mutoto anapumua mbaya, musawo," akasema.

Nikaenda kumwona. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila alipovuta hewa, na viganja vyake, nilipovigeuza, vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Alinitambua. Akaniangalia mikono kama nimekuja na sindano, akaona sina, akafumba macho.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi tulikuwa tumengoja mpaka njia ya pili ikajifunga yenyewe. Laiti tungetuma ile damu asubuhi, majibu yangekuwa yanakaribia. Kuituma sasa ilikuwa ni kujifariji. Na hatukuituma kwa sababu kila tulipotaka kuituma kulikuwa na dakika kumi nyingine, na hakuna mtu anayetuma gari hadi mwisho wa mji kwa jambo litakalokwisha baada ya dakika kumi.

Daktari Bibiane alinifuata maabara. Hakuketi.

"Sharifah, leta ile damu."

"Daktari, mama yake amesema kuna damu inayomkataa."

"Nilisikia. Kama hatumupe, anakufa leo. Kama tunamupa, labda haina ile kitu. Pima, kama inakubali, unaileta."

Nikapima. Nilichanganya damu ya Atoo na ya ule mfuko, nikangoja, nikazungusha kwenye mashine, nikatazama kwa hadubini, nikarudia yote. Hazikugombana. Zilikaa pamoja kimya kabisa. Ningekuwa sijui ninachojua, ningefurahi.

"Abdunoor," nikasema. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho."

"Nimeikaribia, dada. Wallahi nimeikaribia."

Niliuchukua mfuko nikaupeleka mwenyewe. Bibiane aliufungulia. Rosalba alikaa ukingoni mwa kitanda, akautazama mstari mwekundu ukishuka kwenye mpira, akasema, "Asante, musawo," kisha akaanza kusali kwa Kiacholi kwa sauti ya chini.

Nilikaa nao wodini zaidi ya saa moja, na niliporudi maabara Abdunoor alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ameinama karibu na skrini, pua inakaribia kuigusa. Alikuwa ameitaka seva imwonyeshe akaunti zote ilizonazo, jambo ambalo hakulifanya tangu asubuhi kwa sababu hakuona haja. Alinyoosha kidole. Mwisho wa orodha kulikuwa na mistari miwili, mmoja juu ya mwenzake:

maabala
maabara

Yasiin alikuwa ameandika kama anavyosema. Jumamosi aliunda mtumishi anayeitwa maabala, akampa nyumba ya Java na kila kitu. Asubuhi hiyo programu ya Wakenya ilipowekwa, ilimtafuta mtumishi wake maabara, haikumwona, ikamuunda wa kwake, mpya, mtupu. Siku nzima Abdunoor alikuwa anamuuliza mtumishi mmoja na kumwamsha mwingine.

"Alituambia," Abdunoor akasema. "Alisema maabala. Alisema mara tatu."

"Alisema."

"Mimi nikamwambia ni maabara."

Alifuta l, akaweka r, akahamisha maelekezo yale kwa mtumishi wa kweli, akaiwasha programu. Safari hii haikulalamika. Mistari ikapanda kwenye skrini mmoja baada ya mwingine, na kwenye kompyuta yangu ukurasa wa kliniki ukafunguka na rangi zake za kijani kana kwamba hakuna lililotokea. Kazi yote ya kusahihisha ilikuwa fupi. Zilitosha zile dakika kumi zake, tena zikabaki.

Niliandika jina la Atoo. Kumbukumbu yake ikaja, na juu kabisa, kwa herufi nyekundu, ilikuwa imeandikwa: asipewe damu yenye alama E.

Dawa ya kupimia alama E ninayo. Ilikuwa kwenye friji yangu, rafu ya juu, karibu na mahali ulipokuwa ule mfuko. Kupima kunachukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilitoa matone yaliyobaki kwenye kijibomba cha sampuli ya mfuko, nikapima nikiwa nimesimama. Damu ikajikusanya mabonge mabonge mbele ya macho yangu. Ilikuwa na E.

Nilikimbia. Sikumbuki kupita mlangoni. Bibiane aliniona uso akafunga mpira kabla sijasema, lakini mfuko wa mtoto ni mdogo, na ulikuwa umebakiza kidogo tu. Atoo alikuwa ameamka. Midomo yake ilikuwa imepata rangi. Akaniuliza, "Musawo, hii ni damu ya nani?"

Nikamwambia ni ya mtu mwema.

"Kompyuta imepona?" Rosalba akauliza.

"Imepona."

"Mungu mukubwa," akasema, akanishika mikono yote miwili. Bibiane alimweleza kwa upole kwamba damu ile huenda ikamletea mtoto shida baadaye, kwamba atabaki wodini tumwangalie. Rosalba aliitikia kila neno kwa adabu, ila macho yake yalikuwa kwenye midomo ya mtoto wake. Mtu ukimwonyesha mtoto wake anapumua, mengine yote unauambia ukuta.

Siku zilizofuata Atoo alikula, akacheka, akaniuliza kama huyo mtu mwema ni mwanamume au mwanamke. Abdunoor alikuja kila siku eti kuikagua seva. Seva haikuwa na tatizo lolote. Alikuwa anakuja kumchungulia mtoto dirishani, kisha anaondoka bila kuaga. Yasiin alinipigia simu mara moja, akaanza kusema kitu, akashindwa, akakata. Nilianza kuthubutu kutumaini. Nililala.

Ijumaa asubuhi Rosalba aliniletea bakuli la mkojo kuniuliza kama ni dawa zimeubadilisha. Ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nilijua kabla sijaupokea. Mwili wa Atoo ulikuwa umezinduka, na ulikuwa unavunja damu tuliyompa na ya kwake yote pamoja. Tulimpeleka hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa, Bibiane akakaa naye nyuma. Walifanya kila walichoweza kufanya. Alifariki Jumapili, adhana ya adhuhuri ikiendelea, mama yake yupo.

Ocira, baba yake, ni polisi aliyepangwa Karamoja, na alikuwa njiani kurudi. Rosalba alikuja kliniki kuchukua nguo za mtoto zilizobaki. Nilifunga mlango wa maabara, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwambia. Nilimwambia yote: mfuko, alama, kumbukumbu iliyochelewa, watumishi wawili wenye majina yanayofanana, kicheko chetu kwenye simu. Sikumtaja Yasiin kwa jina. Nilisema ilikuwa herufi moja.

Alisikiliza akiwa ameziweka nguo mapajani. Nilitaka anipige. Nilikaa karibu naye kwa makusudi, ili asipate shida.

"Herufi gani?" akauliza.

Nikamwambia.

Alikunja gauni moja la njano, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ocira hawezi kuelewa hiyo maneno ya herufi," akasema mwishowe. "Yeye iko na bunduki ya serikali. Atakuja hapa kuua mutu, na mimi nitabaki bila mutoto, bila bwana." Akasimama. "Nitamwambia ni ugonjwa tu. Na wewe ukiulizwa, sema ni ugonjwa."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema hapana, mama Atoo, aje, nitamwambia mwenyewe. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni asante. Na nilishukuru kweli, kwa moyo wote, huku nimemfungulia mlango na kumshikia mfuko wa nguo za mtoto mpaka kwenye bodaboda.